Majivu, Mabonde na Mtani Wangu

Wateja wapya wa banda langu la gemu hapa Nzuguni, wakishazoea viti, huniuliza swali lile lile: kati ya Majivu na Mabonde, ipi kali zaidi? Wananiuliza mimi kwa sababu wamesikia, na wamesikia ukweli, kwamba nimezimaliza zote mbili. Majivu nimeimaliza kwa upanga ule mdogo wa kuanzia, ambao wengine huutupa mara tu wanapookota shoka. Sijamwona mwingine Dodoma aliyefanya hivyo. Akiwepo, aje, kiti kipo.

Hayo si majina ya dukani. Ni majina tuliyozipa sisi wenyewe. Na nikisema sisi, nina maana ya mimi na mwanamke mmoja wa Iringa, mtumishi wa masjala katika wizara moja kule Mtumba, mtu pekee katika mji huu aliyeweza kubishana nami juu ya gemu hizi mpaka nikatafuta maneno nisiyapate. Nilitaka awe mke wangu. Leo ni mke wa mtu, anaishi Njombe. Swali la wateja bado nalijibu, lakini silijibu kama nilivyokuwa nikilijibu zamani.

Niseme kidogo mimi ni nani, maana hapa mjini wako wanaodhani banda hili lilishuka na mvua. Nimezaliwa kijijini, katika nyumba ya tembe, ile ya paa la udongo, na sikurithi hata jembe. Nilikwenda Durban nikiwa na begi moja. Nikaosha magari, nikafagia duka la mafundi wa simu na mashine za gemu, nikashika bisibisi pale fundi alipochoka, na jioni nikasoma. Nilirudi na diploma ya ufundi wa elektroniki. Ipo ukutani, ndani ya fremu, juu ya luninga kubwa, na mtu yeyote anaruhusiwa kusimama aisome. Nilinunua kiwanja kabla wengi hawajajua kwamba Nzuguni itakuwa mji. Nikamwezekea mama bati. Nikafunga betri za kuhifadhi umeme, kwa hiyo ukikatika mtaa mzima, kwangu watu wanaendelea kupigana na majoka. Kijana wa Kigogo amefanya hayo peke yake. Sioni sababu ya kuyasema kwa sauti ya chini.

Yeye alikuja kwangu kwa ajili ya vumbi. Upepo wa Dodoma unajulikana: unaingia dirishani, unaingia kwenye ugali, unaingia kwenye mashine za gemu na kuziba feni zake. Alisimama mlangoni Jumamosi moja, bado na kitambulisho cha kazi shingoni, mashine yake ameifunga kwa kanga kama mtoto mgonjwa.

"Mbukwenyi," akanisalimu kwa Kigogo, kwa lafudhi mbaya, ya Iringa kabisa.

"Kamwene," nikamjibu kwa Kihehe, kwa lafudhi mbaya zaidi.

"Haya, Mgogo. Nimekuletea kazi ili leo usikae barabarani na bakuli."

"Weka mezani. Na ukitoka usipitie nyuma, kuna mbwa wa jirani. Namwonea huruma."

Wateja wote waliangua kicheko. Anayetujua hatashangaa. Wagogo na Wahehe ni watani, na utani wetu ni wa zamani. Wazee husema mababu walipigana mpaka wakachoka, kisha wakakubaliana kutukanana badala ya kuuana. Wao hutuita ombaomba, sisi huwaita walaji wa mbwa. Mtani anaweza kuingia nyumbani kwako akafunua sufuria, akasema mlenda wako unateleza kuliko konokono, na huruhusiwi kununa. Anaweza kumwita mkeo mke wake mbele yako, ukamcheka. Sheria ni moja tu: mtani hakasirikiwi. Kuna nyingine ambayo sikuwahi kuisikia ikisemwa, nimejifunza mwenyewe. Mtani haaminiwi.

Nilisafisha feni kwa brashi na spiriti, nikawasha kujaribu. Ndani yake kulikuwa na Mabonde. Nikacheka.

"Unacheka nini?"

"Dada mzuri hivi, halafu unacheza gemu ya kupiga soga."

Akavuta kiti. Mjadala wetu ulianzia hapo, na ulidumu Jumamosi zote za kiangazi kile na za masika yaliyofuata.

Zote mbili ni gemu za aina moja: una mtu wako, unamvalisha, unamwongezea nguvu na ujuzi kadiri anavyopigana, unampitisha katika nchi yenye hatari mpaka mwisho. Lakini zinatofautiana kama mfugaji na mkulima. Majivu ni gemu ya mkono. Adui hakupigi bila kukuonya. Kila mmoja ana dalili yake. Huyu huinua bega, yule huvuta pumzi, mwingine huburuta mguu kabla ya kuruka. Ukiisoma dalili, utapona. Usipoisoma, utakufa, skrini itageuka kijivu, utarudi kwenye moto wa mwisho uliouwasha, na maadui wote watakuwa wamesimama tena wanakungoja. Silaha zina uzito wa kweli. Ukiinua shoka huwezi kulighairi katikati. Hadithi yake haisimuliwi na mtu, unaiokota mwenyewe kwenye magofu. Hakuna upendeleo wala njia ya mkato. Unaanguka, unarudi, unajifunza, unapita. Niliipenda tangu siku ya kwanza kwa sababu ndivyo nilivyoishi Durban.

Mabonde ni gemu ya mdomo na kumbukumbu. Nchi yake ni pana, ina misimu, ina mito inayokauka na kujaa. Una wenzako mnaosafiri pamoja, na kila mmoja ana roho yake. Ukipita kijiji kinachoomba msaada ukasema nitarudi, utakaporudi utakuta milango imeachwa wazi na majivu jikoni yamepoa. Watu wanakumbuka ulichosema. Lakini mapigano yake, nilimwambia, ni aibu. Unabonyeza vitufe ovyo kama mtu anayeua chawa. Farasi anakwama kwenye jiwe dogo mpaka umshuke umsukume.

"Farasi nakupa," alisema. "Na mapigano nakupa nusu. Lakini wewe, Mgogo, yule askari wa darajani katika Majivu umemuua mara ngapi?"

"Sijahesabu."

"Anaitwa nani?"

"Hana jina."

"Unaona? Umemuua mara zote hizo na hamjasalimiana."

Wateja walipiga meza. Nilitafuta jibu, sikulipata. Nikamwambia arudi kwao Iringa akanywe ulanzi.

Kulikuwa na jambo moja katika Mabonde ambalo yeye alilihesabu kuwa bora kuliko yote, na mimi nililidharau. Mtu akikuuliza swali zito, chini ya skrini unatokea uzi wa mwanga, na uzi ule unafupika. Ukichagua jibu kabla haujaisha, sawa. Usipochagua, kunyamaza kwako kumehesabiwa kuwa jibu, na huwezi kurudi nyuma. Gemu imeshajihifadhi yenyewe. Katika Majivu ukikosea unarudia. Katika Mabonde unaendelea kuishi na ulichofanya.

"Huo ni ukatili," nilimwambia.

"Huo ni utu uzima," akanijibu.

Kwa watu wote pale bandani alikuwa mke wangu. Ndivyo watani wanavyoitana. Akichelewa, wananiuliza, "Mkeo yuko wapi leo?" Akija na maandazi, anasema, "Pokea, mume wangu, najua nyumba hii haijaona ngano." Mimi nawaambia wateja, "Mnaona ninavyotunzwa?" Nilisema mke wangu kwa mzaha mara nyingi kiasi kwamba siku neno lile lilipobadilika kifuani mwangu, mdomo haukubadilika pamoja nalo.

Najua lini lilibadilika. Umeme ulikuwa umekatika, betri zimeshika, na yeye alikuwa anacheza Majivu kwa mara ya kwanza, kwa sababu tulikubaliana kila mmoja aimalize gemu ya mwenzake ndipo ahukumu. Alikuwa anakufa vibaya sana kwa yule askari wa darajani. Mimi nilitaka kuchukua pedi nimsaidie, akanipiga mkono. Akaweka chini ngao, akamwendea bila ngao, akamkwepa, akamkwepa, akampiga. Aliposhinda hakupiga kelele kama wanavyofanya wote. Aliweka pedi mapajani akasema polepole, "Pole, baba." Alikuwa anamwambia yule askari. Nilimtazama nikajua kwamba nataka kuzeeka nikiwa karibu na mtu huyu.

Mimi si mtu wa kuogopa. Nilimwalika twende Kolo, kuona michoro ya kale kwenye miamba, kwa gari langu, nililolinunua mwenyewe. Tulipita Msalato tukiitazama barabara ya ndege ya uwanja mpya, yeye akanitania kwamba Wagogo sasa wataomba mpaka angani. Kolo tulipanda kilima na mtembeza wageni, mzee mwenye fimbo, akatuonyesha wale watu warefu waliochorwa kwa rangi nyekundu, wembamba kama mabua, wengine wameshikana mikono, na wanyama, pofu na twiga. Yeye alisogea karibu na mwamba.

"Hawa," akasema, "wangekuwa kwenye gemu, wangekuwa kwenye ipi?"

"Majivu. Hakuna aliyetuachia maelezo yao."

"Mabonde," akasema. "Tazama wameshikana mikono."

Basi nikasema. Nilikuwa nimejiandaa tangu Dodoma. "Mtani, mimi nataka nikuoe. Kweli."

Alinigeukia. Kulikuwa na kitu usoni mwake, kidogo, kama mtu aliyesikia mlango ukigongwa. Kisha akacheka, akaniuliza, "Mahari yangu mbwa wangapi?"

Mtembeza wageni alicheka mpaka akaegemea fimbo. Na mimi nikacheka. Nikajibu, "Wawili, na mmoja mnono." Ulimi wangu ulikuwa umefundishwa hivyo. Tukashuka kilima tukicheka, na njia nzima ya kurudi tukazungumzia farasi anayekwama.

Masika yalipokuwa yanaisha alikuja siku moja akiwa mkimya. Akaketi, akafungua Mabonde, akawa anatembea tu bondeni bila kazi. Alifika kwa yule mwanamke mhunzi wa njia panda, ambaye ukiwa umesafiri naye muda mrefu hukuuliza: nibaki, au niende?

"Mtani," akasema akiwa anatazama skrini, "kuna watu wamekuja nyumbani Iringa. Baba anataka nimpe jibu kabla ya mavuno."

Ningeambiwa hayo na mtu yeyote mwingine ningesimama. Lakini aliniita mtani, na pale bandani walikuwepo watu, na ulikuwa ni mtindo wake kunitisha kwa wachumba wa kubuni. Aliwahi kuniambia ameposwa na mbunge, siku nyingine na rubani. Nikajibu kwa sauti ili wote wasikie: "Waambie wamechelewa. Mimi nimeshakulipia gunia la mlenda mkavu."

"Gunia moja?"

"Moja na nusu. Mtoto wa watu siwezi kumdhalilisha."

Watu wakacheka. Uzi wa mwanga ulikuwa unafupika chini ya skrini. Nikamwambia, "Jibu, jibu, unaisha!" Hakubonyeza chochote. Uzi ukaisha. Mhunzi akainamisha kichwa, akafunga nyundo zake kwenye ngozi, akaondoka.

"Umempoteza fundi," nilimwambia. "Nani atakutengenezea silaha sasa?"

"Nitanunua mjini," akasema. Akaaga mapema.

Hata kadi ilipokuja niliidhani utani. Aliileta yeye mwenyewe, kadi ya mwaliko wa sherehe ya kumuaga, yenye maua ya dhahabu na jina lake kamili ambalo sikuwahi kulitumia. Niliigeuza mbele na nyuma nikamwambia, "Siku hizi vijana wa uchapaji wanakuchapia chochote." Nikasubiri acheke.  Wateja walikuwa hawajafika, tulikuwa wawili na feni ya dari.

"Ulikuwa unasema kweli kule Kolo?" akaniuliza.

"Nilisema kweli. Nilitamka neno lenyewe, kweli."

"Mbona ulicheka?"

"Wewe ndiye uliyeanza kucheka."

"Nilikuwa nakupa nafasi," akasema. "Nilikutania ili uniambie acha utani. Ungesema hivyo tu. Acha utani. Nilikungoja mpaka tulipofika kwenye gari."

"Basi waambie hao hapana. Niende kwa wazee wako kesho, na mshenga, na kila kitu. Unajua sina upungufu."

"Najua huna." Alikuwa anakunja na kukunjua kamba ya kile kitambulisho chake. "Mahari imeshapokelewa. Baba yangu ameshakula mkate wa watu. Ni mtu mzuri, usidhani vingine. Hacheki sana, ila akisema jambo najua amelisema."

 Mara ya pili mwanamke yule aliniacha bila jibu, na safari hii hakukuwa na mtu wa kupiga meza.

Nilikwenda Iringa. Wapo walionishauri nisiende, lakini mimi sikimbii. Nilivaa suti niliyoshonewa Durban. Wenzake wa wizarani walikuwa wamekodi basi dogo, na waliponiona ukumbini walifurahi mno, kwa sababu sherehe ya Wahehe bila mtani wa Kigogo ina pengo. Kwa desturi yetu, bibi harusi akiagwa, mtani huzuia njia. Husimama mbele yake, hudai kwamba huyu ni mke wake, kwamba wanamwibia, na haondoki mpaka wamtulize kwa zawadi. Akipokea, amemwachilia. Kila mtu hucheka, kisha bibi harusi hupita.

Mshereheshaji alipotangaza, "Watani wa Dodoma wapo?" wale wa wizarani walinisukuma mbele.

Alikuwa anakuja katikati ya ukumbi, amevaa kijani, amezungukwa na shangazi zake wanaopiga vigelegele. Nikasimama njiani. Nikanyoosha mikono. Mshereheshaji akanipa kipaza sauti.

"Huyu ni mke wangu," nikasema.

Ukumbi ukalipuka.

"Nimekaa naye kiangazi na masika. Amenipikia maandazi. Tumekwenda wote Kolo, nikamposa mbele ya mababu waliochorwa mwambani. Hakuna mwanamume hapa anayemjua kama mimi. Namjua akikasirika, namjua akishinda. Akimwua adui humwambia pole. Nyie mnampeleka wapi? Nimfuate wapi mimi?"

Watu walikuwa wanafuta machozi kwa kucheka. Mzee mmoja wa meza ya mbele alipiga goti lake akisema, "Mgogo huyu ni fundi! Huyu ni fundi!" Bwana harusi naye, mtu mpole mwenye miwani, alitabasamu kidogo. Maneno yale yote niliyoshindwa kuyasema nilikuwa nayasema kwa kipaza sauti, na kila nilivyozidi kuyasema kweli ndivyo walivyozidi kucheka.

Yeye alikuwa ameinamisha kichwa. Mabega yake yalitikisika. Kama alicheka au alilia, siwezi kuapa, na nilikuwa karibu naye kuliko wote.

Shangazi yake mkubwa akaja na jogoo, jogoo mwekundu mwenye miguu iliyofungwa kwa utambaa. "Chukua, mtani," akasema. "Chukua umwache mtoto aende."

Sikunyoosha mkono. Nilisimama pale. Ukumbi ulidhani ni sehemu ya mchezo, wakaongeza vigelegele. "Anataka na mbwa!" mtu akapiga kelele. Nilimtazama yeye. Akainua macho, akasema kwa sauti ndogo ambayo kipaza sauti hakikuinasa, "Pokea, mtani. Tafadhali."

Nikapokea. Nikapisha njia. Akapita.

Kesho yake niliendesha gari kurudi kupitia Mtera, jogoo yuko kiti cha abiria, alipokuwa akikaa yeye tulipokwenda Kolo. Sikuwasha redio. Kwenye bwawa nilisimamisha gari nikampa maji kwa kifuniko cha chupa.

Mabonde nimeimaliza baadaye, peke yangu, kwa uangalifu ambao sikuwahi kuwa nao Durban wala popote. Nilimjibu kila mtu kabla uzi haujaisha. Mhunzi nilimwambia abaki. Kwa hiyo nina haki ya kuhukumu. Na hukumu yangu, nikiulizwa, ni hii: kwa mapigano, Majivu haina mpinzani, na atakayesema vinginevyo aje ashike pedi. Kwa uzito wa silaha, Majivu. Kwa nchi na kwa watu, Mabonde. Nikifika hapo wateja wananiambia nichague moja, kwamba mtaalamu hawezi kushika pande mbili. Nawaambia waanze na Mabonde, wakiwa bado vijana. Zamani nisingesema hivyo hata kwa kupigwa.

Jogoo yuko nyuma ya banda. Ana kelele, na huwika mchana, mara nyingi mtu akiwa katikati ya vita na bosi, yule adui mkuu wa gemu, na wateja hulalamika: "Bro, huyu si umchinje tule wali?" Nawaambia huyo hachinjwi. Wakiuliza kwa nini, nawaeleza: nilikuwa na mke, Wahehe wakamchukua, wakanipa huyo.

Wanacheka mpaka wanaangusha pedi.